Masizi Juu ya Chumvi

Jua halina maneno. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyemwonya Mama Mwiko siku ile aliposimama mbele ya wenzake na kuwaomba waache moto, wahamie kwenye jua.

Kila asubuhi alitoka nyumbani na ufagio laini, akainama juu ya turubai lake jeusi lililotandikwa ndani ya fremu ya mbao, akaondoa vumbi na majani yaliyopeperuka. Kisha akaenda kwenye pipa la maji chumvi na kutumbukiza yai. Yai likizama, maji bado ni mepesi, yarudi yakapite tena kwenye udongo wa chumvi. Yai likielea na kutoa kipara chake nje, maji yameiva. Akachota, akamimina taratibu mpaka turubai likameta kama kioo. Baada ya hapo kazi yote ilikuwa ya jua, naye alibaki amesimama na ndoo mkononi kama mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kabla ya kumimina alisali. Zamani walisali kwa zamu: mmoja anaomba, wengine wanaitikia. Siku hizi aliomba mwenyewe, akanyamaza kidogo, akajiitikia, "Amina." Na kwa mazoea yaliyomshinda kuyaacha, aliongeza ya pili kwa sauti nzito zaidi, mahali pa wifi yake.

"Amina."

Halafu upepo tu.

Enzi za moto hakuna aliyefanya kazi peke yake, hata kama angetaka. Karai la bati lilikuwa refu kama kitanda, limekalishwa juu ya kuta mbili za udongo, na chini yake moto uliwaka tangu alfajiri mpaka alasiri. Mtu mmoja alisukuma kuni, mwingine alikoroga. Ukiacha kukoroga, chumvi inashika chini, inaungua, inakuwa chungu. Ukiacha kusukuma kuni, moto unalegea na karai linatulia kama dimbwi la mvua. Kwa hiyo walikaa wawili wawili, kila karai na watu wake, wamefungwa kwenye moto ule siku nzima. Na watu waliofungwa pamoja siku nzima watafanya nini kama si kupiga soga? Ndani ya mabanda yale waume walisengenywa mpaka masikio yakawawasha huko waliko. Ndani ya mabanda yale watu walilia misiba, wakaoza mabinti, wakanuniana, wakapatana, yote mwiko ukiwa mkononi.

Yeye mwiko ulimkaa mkononi kuliko wote. Ndiyo maana wakamwita Mama Mwiko. Mwenzake wa karai alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwenye sauti nzito na ulimi wa upupu. Walikoroga na kusukuma kuni pamoja tangu Mama Mwiko alipoolewa. Mume alipofariki, wifi hakusema maneno mengi ya faraja. Alikuja bandani, akamnyang'anya mwiko, akamwambia, "Leo wewe sukuma kuni. Moshi ukikutoa machozi hakuna atakayeuliza."

Lakini kuni zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mikoko, iliyosimama kati ya uwanda wa chumvi na bahari. Mwanzoni walikata ile ya karibu, ya kunyoosha mkono tu. Baadaye wakawa wanatembea mbali, miguu ikizama mpaka magotini kwenye tope. Mikoko ilipopungua, maji ya bahari yakapata njia. Kila maji yalipojaa sana yaliramba udongo wa juu, ule wenye chumvi nzuri, yakaenda nao. Udongo ukawa dhaifu, maji chumvi yakawa mepesi, na maji mepesi yanataka moto mrefu zaidi kabla ya kutoa chumvi. Kwa hiyo walikata zaidi. Na walipokata zaidi, bahari ikaja karibu zaidi.

Mama Mwiko aliliona jambo hili akiwa anasukuma kuni. Halikumjia kama elimu; lilimjia kama aibu. Wanawake wa chumvi walipokutana, alisimama mbele yao.

"Jamani," alisema, "tunapika chumvi kwa kuni, na kuni zenyewe ndizo zinazoizuia bahari isije kuibeba chumvi. Tunachoma ukuta wa nyumba ili tupike chakula. Tutakula leo. Kesho tutalala wapi?"

Walibishana. Wengine walimwita msaliti, wengine walisema amepungukiwa akili tangu afiwe. Lakini Katibu wa kikundi chao aliwahi kuona mahali pengine chumvi ikianikwa kwenye turubai jeusi, na mwishowe wakakubaliana, baadhi shingo upande. Waliapa wote: hakuna tena kukata mkoko. Wakapanda miche mahali palipokatwa, safu kwa safu, yeye na wifi yake wakishindana nani ana mistari iliyonyooka.

Na mambo yakawa mema. Mtu akiyatazama kwa haki lazima aseme hivyo. Miche ilishika. Chumvi ya jua ilitoka nyeupe, punje kubwa kubwa, na macho ya watu yalipona. Yake tu ndiyo hayakupona vizuri; moshi wa miaka ulikuwa umeshaacha utando. Kila mwanamke aliweka turubai mbele ya nyumba yake, kwa kuwa hakukuwa na sababu ya kwenda mbali. Asubuhi unamimina, jioni unatazama, katikati una muda wako. Mama Pacha, mmoja wao, alifungua genge la mboga. Wifi alianza kulea mjukuu, na jioni alikwenda kwenye darasa la watu wazima kujifunza kusoma, akapita njiani akitamka kwa sauti kila neno lililoandikwa ukutani.

Kila mtu alipata muda, na muda ukamchukua kila mtu kwake. Mama Mwiko alibaki upande wa banda la zamani, nyumba ya mwisho kabla ya uwanda. Mwanawe alikuwa mji wa mbali, akipiga simu anauliza, "Mama, kazi vipi?" naye anajibu, "Kazi nyepesi siku hizi, mwanangu." Simu ikikatika anabaki ameishika.

Angemlalamikia nani? Kila siku alipofungua kinywa mbele za Mungu, alijikuta anashukuru na kusononeka katika pumzi moja, akaona haya. Alimwomba Mungu ukuta wa mikoko, akapewa. Hakujua kwamba upande wa ndani wa ukuta atakaa peke yake.

*

Mchuuzi wa chumvi alikuja na pikipiki yake yenye kikapu nyuma, helmeti kaipachika kiwikoni. Mtu wa mzaha huyu. Hata salamu zake zilikuwa za kubembeleza bei.

"Mama Mwiko! Nakuona unanenepa kwa raha za jua."

"Nimenenepa wapi? Macho yako yana njaa."

Alikaa kwenye kizingiti, akasugua punje za chumvi kati ya vidole. "Hii nzuri. Ila kuna wateja wangu wa achari wananisumbua. Wanataka ile ya zamani. Ile laini kama unga, yenye harufu ya moshi kwa mbali. Wanasema hii ya jua inawakwaruzia ndimu. Kama kuna mtu anaweza kunipikia karai moja tu, nitalinunua lote kabla halijapoa."

"Tuliapa."

"Mliapa kutokata mikoko. Mliapa kutowasha moto?"

Mchuuzi akaondoka zake, na huenda alilisahau neno lile kabla hajafika barabarani. Lakini yeye alibaki nalo. Hakuwa akifikiria wateja wa achari. Alikuwa akifikiria kwamba moto unataka watu wawili.

Jioni hiyo hiyo alimfuata wifi yake. Alimkuta uani, mjukuu mgongoni, daftari la darasani wazi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Karibu, wifi. Subiri nimalize mstari huu. 'Mto... una... samaki.' Umesikia? Mto una samaki! Nilikaa miaka yote hii bila kujua kumbe mto una samaki."

"Hongera, wifi."

"Nawe ungekuja darasani."

"Na macho haya? Nitasoma nini, ukungu?" Mama Mwiko alikaa, akazungusha maneno, akasifia mtoto, akasifia kanga, mpaka akafika. "Mchuuzi anataka chumvi ya moto. Karai moja. Nilidhani mimi na wewe... kwa siku moja tu."

Wifi alicheka mpaka mtoto mgongoni akashtuka. "Nikakoroge? Kiuno hiki? Wifi, unatania. Na moto wa nini wakati wewe ndiye uliyetutoa motoni kwa hotuba? Watu watatucheka mpaka meno yakauke."

"Nilikuwa nasema tu."

"Sema mengine basi. Umekula?"

"Nimekula," alisema Mama Mwiko. Hakuwa amekula.

Njia nzima ya kurudi alijisemesha. Wifi amekataa maneno, aliwaza, lakini maneno si moto. Akiona moto unawaka na karai liko peke yake, atakuja. Katika maisha yake hajawahi kupita karai lisilo na mkorogaji. Lile litamvuta hata kama hataki. Nami sitakata hata tawi moja.

Kwa maana kuni alikuwa nazo. Banda la zamani lilikuwa bado limesimama nyuma ya nyumba, kuta za udongo, nguzo kavu, na paa la makuti meusi tii kwa moshi wa miaka. Alilijenga mume wake kwa mikono yake. Lilikuwa mali yake. Hakuna kiapo kilicholigusa.

Asubuhi kulipokuwa shwari, hakuna jani linalotikisika, aliingia bandani. Alisimama muda mrefu mahali pake pa kukorogea, ambapo sakafu ilikuwa na mabonde mawili ya nyayo zake, na ng'ambo ya karai mabonde mawili ya wifi. Akasali. Hakuwa na uhakika anaomba nini, ndiyo sababu sala ilikuwa fupi. Akaanza kushusha paa.

Makuti yaliyokaushwa na moshi hayahitaji kubembelezwa. Aliyasokomeza chini ya karai, akaweka vipande vya nguzo juu, akawasha. Moto ulishika kwa furaha kabisa, kama uliokuwa ukingoja kuitwa. Akamimina maji chumvi, akashika mwiko. Harufu ile ikamfikia puani. Akakoroga, akakimbia upande wa pili akasukuma kuni, akarudi akakoroga. Akacheka peke yake. Mwili ulikuwa umezeeka, lakini mikono haikusahau kitu.

Kadiri asubuhi ilivyosonga alitupa macho njiani. Hakuna mtu. Akaongeza makuti ili moshi uonekane. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo asingelifanya enzi za moto, kwa sababu enzi za moto lisingekuwa kosa. Zamani makuti hayakuchomwa, yalikuwa paani. Na chumvi haikuwa nje. Ilikuwa kwenye makapu yenye vifuniko. Nani aliwahi kuwaza kuhusu masizi? Aliwaza kuhusu miti tu, akaona ameikwepa dhambi.

Kwenye saa za kukaribia mchana upepo wa baharini uliamka kama kawaida yake. Ulipiga moto ule kutoka nyuma. Mabaki ya makuti, meusi, mepesi, yenye mafuta ya moshi wa zamani, yaliinuka juu kwa kundi, yakageuka hewani, yakaelekea kwenye nyumba. Kwa macho yake yenye ukungu Mama Mwiko aliona kitu kama ndege wadogo wakiruka. Akasema, uzuri wake.

Walikuwa wanaenda kutua juu ya maturubai ya watu wote. Na juu ya maturubai yale, siku hiyo, chumvi ilikuwa imekauka, nyeupe, ikingoja kukusanywa jioni.

*

Wifi alikuja. Katika hilo Mama Mwiko hakukosea. Lakini hakuja kama alivyomwota. Alikuja anakimbia, kilemba kimemwangukia shingoni, ngumi moja ameikunja. Alipofika mbele ya karai akaifungua. Ndani mlikuwa na chumvi yenye madoa meusi, iliyoshikana kwa unyevu wa mkono.

"Onja," alisema.

"Wifi..."

"Onja! Onja mapishi yako! Ya kwangu yote ni hivi. Ya Mama Pacha ni hivi. Nimejaribu kuyapuliza masizi, yanajipaka. Nimejaribu kuokota, yanavunjika. Turubai zima limekuwa kama ngozi ya chui! Kesho mchuuzi anachukua mzigo wa kikundi, tutampa nini? Kaniki?"

"Sikukata mkoko. Naapa, wifi, hata tawi. Ni banda tu. Ni makuti ya..."

"Nani anauliza mkoko? Mimi nakuonyesha masizi, wewe unaniambia mkoko!"

Mama Mwiko alisimama na mwiko mkononi, hajui auweke wapi. Alitazama ile chumvi kiganjani mwa wifi yake, akaelewa, na uso ukamshuka. Moto aliouwasha ili mtu mmoja aje ulikuwa umeingia nyumba za watu wote.

Katika kusimama kule karai lilisahaulika. Harufu chungu ikaanza kupanda. Wifi alikuwa katikati ya kusema, "Na wewe ndiye uliyetuhubiria, mbele ya watu, eti ukuta, eti kesho," pua ikamtanuka. Akaunyakua mwiko. Akaanza kukoroga kwa nguvu toka chini kabisa, huku akiendelea kufoka bila kukata pumzi.

"...eti kesho tutalala wapi! Sukuma kuni upande huo, unalegea! Wewe mwanamke una kichwa kigumu, marehemu kaka alikuwa anasema, mimi nikakutetea. Si huko, katikati! Nilikutetea! Leo nimejua kaka alikuwa mkweli."

Mama Mwiko alisukuma kuni. Alipiga magoti, moshi ukamwingia machoni, akalia, na hakuna aliyeuliza.

Wakamaliza karai lile kwa namna hiyo, mmoja anatukana, mwingine anasukuma, kwa sababu karai lililoanza haliachwi. Hilo lilikuwa ndani ya mifupa yao. Chumvi ilitoka laini kama unga. Ila banda halikuwa na paa tena, na kile kilichopanda juu kilianguka pia ndani ya karai. Ilikuwa ya kijivu. Hata wateja wa achari wasingeipokea.

Wanawake wengine walikuja mmoja mmoja wakasimama pembeni. Mama Pacha alitazama nguzo zilizobaki zimesimama kama meno, akatingisha kichwa.

"Umelichoma banda la mumeo," alisema polepole. "Ili iweje?"

Aseme alitaka mtu wa kumwitikia Amina?

Katibu, mwanamke mfupi asiyependa kupoteza siku, alipitia chumvi ya kila mtu akaamua. "Chumvi haiozi. Iyeyushwe yote, ichujwe, ianikwe upya. Mapipa ya kuchujia yako hapa kwa Mama Mwiko, basi kazi itafanyika hapa. Swali ni mzigo wa kesho."

"Ya kwangu ni safi," alisema Mama Mwiko.

Walimgeukia. Ilikuwa kweli. Turubai lake lilikuwa upande unakotoka upepo. Hata doa moja halikuligusa. Chumvi yake ilimeremeta pale jua likiipiga, nyeupe ya kuumiza macho, na yeye aliona haya kuitazama.

"Mchukue yote. Mpimiane wenyewe. Mchuuzi asikose mzigo wa kikundi kwa ajili yangu."

"Na wewe?" aliuliza Katibu.

"Mimi nitaanika tena mkishamaliza ya kwenu."

Walichukua. Hakuna aliyejifanya kukataa kwa adabu, na alishukuru kwa hilo.

*

Siku zilizofuata uwanja wake ulijaa watu. Walibeba chumvi chafu kwa ndoo na mabeseni, wakaiyeyusha kwenye maji ya kisima, wakaimimina kwenye mapipa yaliyowekwa mchanga na matambara. Masizi ni mabishi. Maji yalitoka meusi, yakarudishwa, yakatoka kijivu, yakarudishwa. Huwezi kumimina na kushikilia kitambaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo watu walikaa wawili wawili.

Mwanzo walifanya kazi wamenuna. Halafu Mama Pacha alisema kitu kuhusu mume wa mtu aliyelala na viatu, mtu akacheka puani, na kabla jua halijapanda sana kelele zilikuwa zimerudi kama hazijawahi kuondoka.

"Jamani, nilikuwa sijui kama binti yako ameshajifungua!"

"Ungejuaje? Unapita kwangu siku hizi?"

"Nipite saa ngapi, na lile genge?"

"Genge, genge. Nyanya zenyewe mbili na kitunguu kimoja kilichofiwa."

Mama Mwiko alishikilia kitambaa, wifi alimimina. Hawakuwa wakiongea sana. Alisikiliza zile sauti zikimzunguka na moyo ukamjaa, na papo hapo akaona aibu kwamba umejaa. Hizi zilikuwa siku walizopoteza kwa sababu yake. Kila cheko alilipokea kama mtu anayekula chakula cha matanga ambayo ameyasababisha yeye. Aliomba kimyakimya asamehewe, na pia, Mungu ambaye humfichi kitu, aliomba maji yasiwe safi haraka.

Yakawa safi. Maji siku zote huwa safi mwishowe, ukiyachuja kwa subira. Yai likaelea. Walimimina kwenye maturubai yao kila mmoja kwake, wakaosha ndoo, wakajifunga kanga vizuri. "Haya, Mama Mwiko, usituwashie tena," alisema Katibu, wakacheka, bila kinyongo, wakaondoka. Alisikia sauti zao zikienda na njia, zikigawanyika nyumba kwa nyumba, mpaka ikabaki moja, halafu hakuna.

Wifi alikuwa bado. Alikuwa anasuuza kitambaa cha kuchujia ambacho kilikuwa kimeshasuuzwa.

"Ungesema tu," alisema bila kugeuka.

"Kusema nini?"

"Kwamba uko peke yako."

Mama Mwiko alitazama mahali lilipokuwa banda. Mabonde ya nyayo yalikuwa yanaonekana wazi sasa, mawili huku na mawili kule, yameanza kujaa mchanga.

"Hicho kitu mtu anakisemaje, wifi?" alisema. "Nilikuja kwako. Ukaniuliza kama nimekula."

"Ulisema umekula."

"Ndiyo."

Wifi alikamua kitambaa kwa nguvu kama anayekinyonga. "Mimi siwezi kurudi kukaa hapa kutwa. Nina mtoto. Nina darasa. Na sitaki kukudanganya, ninalipenda lile darasa."

"Najua. Sikudai."

"Sijasema unadai." Alikianika kitambaa, akakivuta kona zikanyooka, akasimama kidogo kama anayetafuta neno ambalo darasani hawajalifikia. Kisha akaenda zake.

Usiombe kitu kingine, Mama Mwiko alijiambia usiku alipolala. Umesamehewa. Inatosha.

Asubuhi alipotoka na ufagio alimkuta wifi uwanjani, mtoto mgongoni, anakokota fremu yenye turubai njia nzima kutoka kwake, jasho linamtiririka. Lilikuwa moja kati ya mawili aliyokuwa nayo, lile bovu, lenye kiraka cha mfuko wa mbolea pembeni.

"Usisimame hivyo kama umeona jini. Shika upande huo!"

Waliliweka kando ya lake, ubao kwa ubao.

"Kwani jua ndilo lililotuambia tutawanyike?" alisema wifi akihema. "Jua ni lile lile hapa na kwangu. Tulikuwa wavivu wa kutembea tu. Nitakuja asubuhi kumimina na jioni kukusanya. Katikati sipo. Usinipikie, usiningojee. Katikati sipo, umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Haya omba, mtoto ataamka."

Mama Mwiko aliomba. Aliombea miche ya mikoko isimame, na bahari ikae mahali pake. Akataja majina ya wote waliochuja chumvi, akachelewa kidogo kabla ya kumaliza, kwa woga.

"Amina," alisema wifi kwa sauti yake nzito, akachukua ndoo.

Walimimina. Haikuchukua muda, kazi ya jua kamwe haichukui muda. Wifi alifunga kanga, akapanda njia ya nyumbani akitamka kwa sauti neno lililoandikwa kwenye gunia la mtu, na punde hakuonekana.

Upepo ukaja, ule ule, na ukimya wake. Mama Mwiko alikaa kwenye kizingiti na kikombe chake kimoja cha chai. Kutwa ilikuwa mbele yake, ndefu kama zote. Upepo ulipotupa majani makavu uwanjani, aliinuka na ufagio laini, akalifagia turubai lake. Kisha akapiga goti upande wa pili, akalifagia na lile lenye kiraka, polepole zaidi, akiinamisha uso karibu kabisa, kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri na hakutaka libaki hata doa moja.